Lafudhi ya Mtu na Haki Yake Katika Kazi

Katika darsa yetu baada ya Magharibi tulifika Sura ya 30, Aya ya 22, ambamo Mwenyezi Mungu ametaja kuhitilafiana kwa ndimi zetu na rangi zetu kuwa ni katika ishara Zake. Ndugu mmoja akauliza: Je, yafaa kumpunguzia mtu haki yake ya kazi kwa kuwa lafudhi yake si ya kwetu?

Swali hili lilituchoma, kwani tuliwahi kuwamo katika kikao kilichotenda jambo hilo. Alikuja mwalimu kutoka bara kutaka kusomesha chuoni. Alisoma Kurani barabara mbele yetu, kila harufi ikitoka mahali pake. Lakini alipozungumza Kiswahili, ra ikawa la na la ikawa ra. Wazee wakatazamana, wakacheka. Akapewa watoto wa alifu kwa kijiti, na mshahara mdogo kuliko wa kijana aliyekuwa chini yake kwa elimu. Sisi tulinyamaza. Alikaa miezi mitatu, kisha akaenda zake.

Huenda mtu akasema: Mwenye kusomesha Kurani sharti matamshi yake yawe sawa. Ni kweli, na wanavyuoni wamepambanua baina ya kosa lenye kugeuza maana katika Alhamdu na lisiloigeuza. Lakini hayo ni matamshi ya Kurani, nayo ndiyo kazi yenyewe, na katika hiyo hakuwa na ila. Alichochekewa ni Kiswahili chake, ambacho hakuja kukisomesha.

Na hata katika Kurani yenyewe, Seyyidna Umar alimsikia Hisham bin Hakim akisoma Suratul Furqan kwa namna asiyoijua yeye, akamkamata kwa nguo yake mpaka kwa Mtume (s.a.w.). Mtume akaamrisha aachiliwe, akawasikiliza wote wawili, akawakubalia wote wawili. Aliyemdharau mtu kwa uzito wa ulimi ni Firauni, alipomtweza Nabii Musa (Sura ya 43, Aya ya 52). (Kisa cha Bilali kushindwa kutamka shini, wajuzi wa Hadithi wamesema hakina asili, wala hatukihitaji.)

Nasi watu wa Mvita uchungu huu twaujua. Mwaka 1928 mkutano uliofanywa papa hapa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu, na mtoto wetu akiandika “ndoo” kwa kumwita mwenziwe, huambiwa amekosa. Tena Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, yamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa lugha yake, na Katiba ya 2010, kifungu cha 27, imeitaja lugha vilevile. Wangapi katika sisi wenye maduka na vyuo tumepata kuvisoma vifungu hivyo?

Mwalimu yule tumempelekea salamu kwa watu wa kwao, kumtaka radhi. Ijapokuwa aliukubali mshahara ule kwa dhiki yake, twaona ile tafauti ya miezi mitatu ni haki yake, na wazee wa kamati tumewaambia hivyo. Bado hawajailipa.