Dondoo muhimu: Kupunguza ukubwa wa faili la Access

Kufuta rekodi hakupunguzi faili la Access, ambalo kikomo chake ni GB 2. Nafasi huachiwa pale tu unapolibana.

1. Nakili faili kwanza kwenye flashi au diski nyingine. Usiiruke hatua hii hata ukiwa na haraka.
2. Hakikisha wenzako wote wamelifunga.
3. Acha nafasi ya kutosha kwenye diski, kwani Access huandika faili jipya kabla ya kuondoa la zamani.
4. Fungua Database Tools, bofya Compact and Repair Database.
5. Picha na viambatisho ndivyo hunenepesha faili zaidi. Viweke kwenye folda. Jedwalini hifadhi njia ya kuvifikia tu.
6. Majedwali ya muda yapewe faili lake.