Kitenzi "put away": maana na matumizi

Katika Kiingereza, kitenzi huweza kuungana na neno dogo kama "away", "off" au "out" kikapata maana mpya. Mtahiniwa anayetafsiri neno mojamoja hupotea hapo. Akiona "away" hukumbuka "throw away", yaani kutupa, kisha hudhani "put away" nayo ni kutupa. Sivyo: "put away" ni kuhifadhi.

Maana
1. Kurudisha kitu mahali pake baada ya kukitumia. "Put away your books": Rudisha vitabu vyako mahali pake.
2. Kuweka akiba. "She puts away some money every month": Kila mwezi huweka akiba ya fedha.
3. Kufunga gerezani. "The thief was put away for five years": Mwizi alifungwa miaka mitano. Haya ni matumizi ya mazungumzo. Usiyatumie katika barua rasmi.

Mpangilio wa maneno
(a) Nomino hukaa mwishoni au katikati. "Put away the knife" na "Put the knife away" zote ni sahihi.
(b) Kiwakilishi kama "it" au "them" hukaa katikati tu. "Put it away" ni sahihi. "Put away it" ni kosa.
(c) Wakati uliopita "put" haibadiliki: "Yesterday he put the tools away". Hakuna "putted".

Usichanganye
"Put off" ni kuahirisha. "Put out" ni kuzima moto au taa. "Look after" ni kutunza, hasa mtu au mnyama. Ukitaka kusema "Mtunze mdogo wako", andika "Look after your little sister". Ukiandika "Put away your little sister", msomaji atadhani unataka afungwe jela.

Zoezi
1. Jaza nafasi: The meeting was put ____ until Friday.
2. Sahihisha: The plates are clean. Put away them.
3. Tafsiri: My grandmother had put away enough money for my school fees.

Majibu
1. off
2. Put them away.
3. Bibi yangu alikuwa ameweka akiba ya kutosha kulipia ada yangu ya shule. Aliyeandika "alikuwa ametupa fedha" amegeuza maana ya sentensi nzima. Arudie sehemu ya Maana, namba 2.