Mbwa wa Pili Nyumbani



Katika vijiji vya Shinyanga na Geita mbwa ni mlinzi. Usiku analinda zizi. Mchana anafuatana na watoto malishoni. Lakini mbwa huzeeka. Masikio yake hupungua nguvu, na miguu pia. Ndipo unapotafuta mbwa wa pili. Pengine utapewa na jirani. Pengine ndugu yako anayehama machimboni atakuachia wake.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mbwa wako mzee hajui methali hiyo. Yeye humwona mgeni kuwa mwizi wa chakula chake na mahali pake pa kulala. Ukimfungulia mgeni katikati ya ua, huenda wakapigana. Mtoto akikimbilia kuwaachanisha, ataumwa yeye. Na jeraha la mbwa laweza kuleta kifo, kama mbwa huyo ana ugonjwa wa kichaa.

Kwanza: chanjo

Kabla ya kumleta mgeni, mwone mtaalamu wa mifugo. Mbwa wote wawili wachanjwe. Kwa kawaida mtoto wa mbwa huchanjwa akifika miezi 3, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Tunza cheti.

Muulize aliyekupa: Je, mbwa huyu amewahi kuumwa na mbwa mwingine? Usiseme, "Anakula vizuri, ni mzima." Mbwa aliyeambukizwa aweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, bila kuonyesha dalili.

Pili: wakutanishe polepole

1. Wakutanishe nje ya ua, mahali pasipo pa mmoja wao. Kila mbwa afungwe kamba na ashikwe na mtu mzima.

2. Tembeeni pamoja, mbwa wakiwa mbalimbali. Wakitulia, sogeeni. Waache wanusane kidogo, kisha endeleeni kutembea. Kunusa ndiyo salamu ya mbwa.

3. Tazama dalili. Mbwa akikaza mwili, akisimamisha nywele za mgongoni au akitoa meno, warudisheni nyuma.

4. Usimpige mbwa mzee kwa sababu ananguruma. Kunguruma ni onyo. Ukimzoeza kunyamaza, siku moja atauma bila onyo.

5. Nyumbani, kila mmoja apewe chombo chake na mahali pake. Mlishe mzee kwanza. Mgeni ale mbali naye.

6. Siku za mwanzo usiwaache pamoja bila mtu mzima. Usiku walale mbalimbali. Wengine huzoeana kwa siku chache, wengine kwa wiki kadhaa. Usiwe na haraka.

Wakipigana, usitie mkono. Wamwagie maji au gonga debe kwa nguvu. Wafundishe watoto kukimbilia kumwita mtu mzima.

Tatu: mtu akiumwa

Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15. Usipake majivu. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukipewa tarehe za kurudi kuchanjwa, zifuate zote, hata kama jeraha limepona.

Mwaka 1885, huko Ufaransa, mtaalamu Louis Pasteur alimchanja mvulana wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mvulana huyo hakuugua. Alichanjwa mapema, kabla ya dalili. Dalili zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa. Kwa hiyo usingoje.

Mbwa mzee amekulinda miaka mingi. Mgeni atakulinda miaka ijayo. Wape nafasi ya kujuana, nawe ulinde watoto wako.

Maswali

1. Kwa nini mbwa mzee humchukia mgeni?
2. Mbwa wakutanishwe wapi kwanza?
3. Kwa nini si vizuri kumpiga mbwa anayenguruma?
4. Mtu akiumwa na mbwa, afanye nini kwanza?
5. Zungumzeni darasani: Mbwa wa kijiji chetu wamechanjwa? Wasiochanjwa tuwafanyie nini?