Tairi linapungua upepo usiku? Usiishie kujaza, tafuta kilichotoboa

Wafanyabiashara wenzangu, hii ni kwa wewe unayeuza mtandaoni halafu unapeleka mizigo mwenyewe kwa pikipiki. Mimi nauza hotpoti na seti za vyombo, niko Mbagala. Nilishapoteza mteja mzuri kwa sababu ya tairi la nyuma, na wala halikupasuka. Lilikuwa linapungua upepo kidogo kidogo.

Yule dada alinunua seti ya kupeleka kwenye kichen pati ya mdogo wake Morogoro. Tukakubaliana nimkabidhi stendi ya Magufuli, Mbezi, kabla ya basi lake la saa tatu asubuhi. Saa kumi na mbili natoka nje, tairi limekaa chini. Nikaazima pampu kwa jirani, nikajaza, nikaondoka. Kufika Tabata pikipiki ikaanza kuyumba nyuma. Mpaka nampata fundi, mpaka nafika stendi, basi lilishaondoka. Nikamrudishia hela yake yote. Hajanunua kwangu tena, na simlaumu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba tairi hilohilo nilikuwa nimeshaliziba mara tatu ndani ya wiki mbili. Elfu mbili, elfu mbili, elfu mbili. Kila fundi alitoa tyubu, akaona tundu, akabandika kiraka, akarudisha. Hakuna aliyeniambia tundu limesababishwa na nini. Na mimi sikuuliza, nilikuwa nimeinamia simu najibu wateja.

Jumapili yake nikakaa na lile tairi mwenyewe.

Nilianza na kupima. Nunua geji ya upepo, siyo ghali, kidole hakiwezi kukwambia kitu. Jaza jioni pikipiki ikiwa imepoa, pima asubuhi kabla hujawasha, maana tairi lililotoka barabarani lina joto na namba inapanda. Mimi nilijaza 32, asubuhi nikakuta 21. (Usichukue namba yangu. Kiwango cha pikipiki yako kipo kwenye kitabu chake, na nyingi zina kibandiko karibu na mnyororo.)

Halafu valvu, kwa sababu hiyo unaikagua bila kufungua kitu. Toa kifuniko, weka tone la maji ya sabuni juu ya mdomo wake, subiri. Usiondoke haraka! Uvujaji wa taratibu unaweza kutoa kipovu kimoja kwa sekunde kadhaa. Kikitokea, kaza kile kisindano cha ndani. Kikiendelea, badilisha kisindano, ni kitu kidogo sana. Angalia pia kama valvu imesimama wima. Ikiwa imelala upande, ujue tyubu imeteleza ndani ya rimu, mara nyingi kwa kuendesha tairi likiwa na upepo mdogo, na shina la valvu liko njiani kuchanika. Hapo kiraka hakisaidii, nunua tyubu mpya.

Yangu ilikuwa nzima. Nikapaka povu tairi zima, nikalizungusha taratibu. Povu likachemka kwenye spoku moja, nikafikiri nimepata. Kumbe hapana. Kama tairi lako lina tyubu, upepo ukitoka kwenye tundu unatambaa ndani na kutokea popote penye upenyo, iwe kwenye spoku au pale valvu inapopita. Povu la nje linakuonyesha tundu lenyewe kwenye tairi lisilo na tyubu tu.

Basi ikabidi kulifungua. Kabla ya kutoa tyubu, weka alama ya chaki kwenye tairi pale valvu ilipo, na kumbuka upande upi wa tyubu ulikuwa unaangalia nje. Hatua hii ndiyo mafundi wenye haraka wanairuka, na bila hiyo unabaki unabahatisha. Jaza tyubu mpaka ivimbe kiasi, izamishe kwenye karai la maji safi kipande kwa kipande, kila kipande ukikivuta kidogo kwa mikono. Tundu dogo linafumba tyubu ikilegea.

Ukilipata, kabla ya kushika kiraka angalia liko upande gani. Likiwa upande wa nje, unaogusa tairi, kuna kitu kimepenya kutoka barabarani. Likiwa upande wa ndani, unaogusa rimu, shuku kichwa cha spoku kilichojitokeza, kutu, au ule mkanda wa mpira unaofunika spoku umesogea. Yakiwa mawili yamekaa jirani jirani, tyubu ilibanwa, ama na vyuma vya kung'olea tairi ama ulipiga shimo upepo ukiwa mdogo.

Langu lilikuwa upande wa nje, nusu inchi kutoka kwenye viraka vitatu vya zamani. Nikairudisha tyubu juu ya tairi kwa kufuata chaki, nikajua pa kutafuta. Kwa macho, hakuna kitu. Nikapitisha soksi kuukuu ndani ya tairi (usitumie kidole kitupu), ikanasa. Waya mwembamba kama unywele, wa aina inayotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Bila mzigo ulikaa kimya. Nikipakia maboksi tairi linabonyea, waya unachungulia, unatoboa tena. Ndiyo maana kila kiraka kilidumu siku mbili tatu, mpaka oda kubwa inayofuata.

Niliung'oa kwa koleo kutokea upande wa nje, nikaweka tyubu mpya kwa sababu ile ilishakuwa viraka vitupu. Jioni 32, asubuhi 32.

Siku hizi ratiba yangu ni hii: nafunga mizigo ya kesho, napima tairi zote mbili, ndipo namwandikia mteja saa nitakayofika. Na nikiwa kwa fundi simu inakaa mfukoni. Namuuliza tundu liko upande wa tairi au wa rimu, halafu namwomba asirudishe tyubu kwanza, nipitishe soksi yangu. Wengine wananuna kidogo. Namuongezea mia tano, tunaendelea.