Unatumia Lasix na umeandikiwa antibayotiki? Mambo 6 ya kuzingatia

Wagonjwa wengi wa presha na moyo humeza dawa ya kukojoza, kama furosemaidi (Lasix), ili kupunguza maji mwilini. Wakipata nimonia au maambukizi ya mkojo, huongezewa antibayotiki. Antibayotiki nyingi hutolewa mwilini na figo. Figo zikiwa dhaifu, dawa hujilimbikiza na kuleta madhara. Jikinge hivi:

1. Taja dawa zako zote. Fanya hivyo hospitalini na duka la dawa pia. Kama hukumbuki majina, nenda na pakiti zake.

2. Omba kipimo cha kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha jinsi figo zinavyofanya kazi. Majibu ya mwaka jana hayatoshi, kwa sababu kuharisha, kutapika au kukojoa kupita kiasi huweza kudhoofisha figo ndani ya siku chache. Mzee aliyekonda asitulie kwa kuambiwa "iko kawaida": misuli yake michache hutoa kreatinini kidogo hata figo zikiwa zimechoka.

3. Kuwa makini na gentamaisini. Sindano hii ya antibayotiki hutolewa karibu yote na figo. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, nusu yake huondoka kwenye damu kwa saa 2 hadi 3; figo zikifeli, huweza kuchukua zaidi ya saa 24. Ikitumiwa pamoja na furosemaidi, hatari ya kuharibu masikio huongezeka. Ukisikia mlio masikioni au kizunguzungu, mwambie muuguzi papo hapo.

4. Septrin (antibayotiki) na spironolaktoni (dawa nyingine ya kukojoza) zisikutane bila daktari kujua. Zote hupandisha potasiamu, na ikizidi mapigo ya moyo huvurugika.

5. Usijipunguzie dozi. Figo zikiwa dhaifu, mara nyingi dozi ya kwanza ya antibayotiki hutolewa kamili, kisha zinazofuata hupunguzwa au kuachanishwa saa. Hesabu hiyo ni ya daktari au mfamasia. Antibayotiki nyingine, kama doksisaiklini, kwa kawaida hazihitaji kupunguzwa. Wala usiache dawa ya kukojoza kwa uamuzi wako. Maji yanaweza kurudi miguuni na kwenye mapafu.

6. Epuka dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni. Hupunguza damu inayofika kwenye figo. Kwa homa na maumivu, uliza kuhusu paracetamol.

Mkojo ukipungua ghafla, uso ukivimba au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na dawa zake zote mkononi.