Usihamishe Udongo wa Shamba

Ukimaliza kulima, usishike barabara moja kwa moja. Zima trekta, zunguka nyuma, iangalie plau. Tope lililoganda kwenye sahani, nyasi zilizojiviringa kwenye ekseli, mabua yaliyobanwa kwenye fremu: viondoe hapohapo, ungali shambani. Ukifanya hivyo kila jioni, plau itadumu, dizeli itapungua, na shamba utakaloingia kesho halitaletewa magugu ambayo halikuwa nayo.

Fikiria mzigo kwanza. Ndoo ya lita 20 ikijaa udongo mbichi inazidi kilo 30. Haro yenye sahani nyingi inaweza kubeba ndoo kadhaa za udongo wa namna hiyo, na wewe unaulipia mafuta kila inapokwenda. Kazi yenyewe nayo inaharibika. Udongo mpya hautelezi tena juu ya chuma, unasuguana na udongo mwenzake. Plau inasukuma badala ya kupindua.

Halafu kuna magugu, na hapa nakuomba uwe makini kuliko kote. Kiduha, ambacho Waluo wa Nyanza hukiita kayongo, kina mbegu ndogo kama vumbi. Mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu, na mbegu hizo zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikingoja mahindi au mtama. Ndago huenea kwa vitunguu vyake vidogo vya chini ya ardhi. Sangari na mpunga mwitu huenea kwa mashina yanayotambaa ndani ya udongo: jembe likiyakatakata, kila kipande chenye pingili kinaweza kuchipua. Bonge moja la tope kwenye haro linatosha kuvihamisha vyote. Minyoo fundo ya nyanya na bakteria wa mnyauko wa viazi husafiri kwa njia hiyohiyo.

Anza kabla hujaingia shambani

Usafi mwingi unaamuliwa na saa unayoanza kazi. Udongo wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi wa Shinyanga na Simiyu, au wa Mwea kule Kenya, ukilowa hung'ang'ania chuma vibaya. Upime kwanza. Chimba hadi kina utakacholima, chota udongo, ufinyange tonge, kisha liachie lianguke kutoka usawa wa kiuno. Likipasuka na kutawanyika, ingia kazini. Likitua bapa na kubaki zima, rudi nyumbani ungoje udongo ukauke.

Najua mvua ikishaanza kila mtu ana haraka. Lakini kulima tope hakuokoi muda. Utasimama kila mita chache kukwangua, na utaacha mabonge ambayo yakishakauka hata haro itayashindwa.

Kwa mabua na nyasi, ngoja umande ukauke. Bua kavu hukatika. Bua lenye umande hupinda chini ya sahani, hukataa kukatika, kisha hujirundika kwenye fremu. Shamba lenye masalia mengi liingie saa tatu au saa nne asubuhi, si alfajiri.

Fyeka mabua mapema, yakate vipande vifupi, yatawanye. Mirundo ndiyo inayoziba. Usiyachome moto, maana yanatunza unyevu na kurutubisha udongo yakioza.

Tembea shambani na gunia mkononi uokote kisichokatika: kamba za manila, vipande vya viroba, waya, nyavu chakavu. Uzi wa nailoni ukiingia kwenye ekseli hujikaza taratibu kila sahani inapozunguka, mpaka ukate sili ya beringi. Utagundua siku beringi imeshakufa. Mashina marefu ya viazi vitamu nayo yatoe, hujisokota vibaya.

Chuma king'ae

Mzizi wa mambo uko hapa. Udongo huteleza kwenye chuma laini, hunata kwenye kutu, rangi na makovu. Ukiona plau yako inaganda tope wakati ya jirani inapita safi kwenye udongo uleule, angalia uso wa chuma kabla hujalaumu kingine.

Plau mpya huja imepakwa rangi hata kwenye uso unaolima. Toa rangi ya sehemu hiyo kwa msasa au brashi ya waya kabla hujaitumia. Rangi ya fremu iache, inazuia kutu.

Plau iliyolala msimu mzima ikashika kutu ifanyie vivyo hivyo, kisha ianzie kazi sehemu yenye kichanga. Mchanga utaisugua vizuri kuliko mkono wako. Uso ukianza kung'aa, ipeleke kwenye mfinyanzi.

Usikwangue kwa panga wala patasi. Zinaacha mikwaruzo, na mikwaruzo ndiyo inayoshika udongo wa kesho. Chonga kipande cha mti mgumu, bapa, upana wa vidole vinne, urefu wa mkono hadi kiwiko. Kitoboe upande mmoja, kifunge kwa kamba kwenye fremu ya plau. Kikikaa nyumbani hutakitumia.

Sahani zikiwa na tope lililokauka, usizigonge kwa nyundo ya chuma. Sahani ni chuma kigumu, inaweza kupata ufa. Lowesha tope, subiri lilainike, kisha gonga kwa nyundo ya mbao.

Sasa vikwangulio. Plau ya sahani huja na vibamba vya chuma vilivyofungwa karibu na uso wa kila sahani. Kazi yake ni kuondoa udongo sahani ikizunguka, na pia kusaidia kuupindua. Wengi huving'oa vikilegea, halafu hulalamika kwamba plau imezeeka. Virudishe. Trekta ikiwa imezimwa na plau imekaa imara juu ya magogo, sogeza kikwangulio kiwe karibu kabisa na sahani bila kuigusa, kisha kaza bolti. Vaa glovu, zungusha sahani kwa mkono mzunguko mzima. Ukisikia mkwaruzo, kirudishe nyuma kidogo. Ukiona nafasi inayopitisha kidole, kisogeze mbele. Kilicholika upande mmoja kipeleke kwa fundi wa kuchomelea akiongezee chuma. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na dizeli unayoipoteza.

Kwa plau ya maksai, kwangua kila unapogeuza mwishoni mwa mtaro. Ilaze ubavu, safisha bamba la kupindulia, ncha na gurudumu. Gurudumu usilisahau. Likivaa tope linanenepa, plau inainuka, na kina kinapungua bila wewe kugusa kitu. Usisukume udongo kwa mguu maksai wakitembea. Wasimamishe, kisha uiname.

Zima ndipo uguse

Shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya trekta kwenye rotaveta, kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika. Ni mara tisa kila sekunde. Shati likinaswa, huna muda hata wa kupiga kelele.

Kwa hiyo fuata utaratibu mmoja, kila siku, hata ukiwa na haraka. Toa PTO. Shusha chombo kiguse ardhi. Zima injini. Chomoa ufunguo utie mfukoni. Subiri kila kinachozunguka kisimame. Ikibidi uingie chini ya kitu kilichoinuliwa, kitegemeze kwa magogo mazito chini ya fremu. Usiiamini haidroliki: paipu ikipasuka au mtoto akigusa lever, kila kitu kinashuka. Watoto wakae mbali wakati wote huu.

Pawatila, yaani trekta dogo la magurudumu mawili, inahitaji uangalizi wa peke yake. Tanzania ilizileta kwa wingi baada ya mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, na nyingi zinafanya kazi kwenye mpunga, ambako majani marefu na tope la maji hujifunga kwenye shafti ya visu mpaka inageuka gogo. Ukiona injini inalemewa na visu vinachapa maji bila kukata, simama.

Zima injini. Chukua mundu au kisu kikali, kata nyasi kwa kufuata urefu wa shafti, si kwa kuizunguka. Ukikata hivyo, zile nyasi zilizojisokota zinafunguka zote kwa pamoja. Vuta, tupa. Kisha tazama miisho ya shafti, pale inapoingia kwenye boksi la gia au la cheni. Nyasi nyembamba hupenda kujificha hapo na kusaga sili. Ukiona oili inatoka, sili imeanza kuharibika. Fungua uitazame oili yenyewe: ikiwa nyeupe mithili ya maziwa, maji yameshaingia. Usilime tena mpaka ubadilishe sili na oili. Boksi la gia ni ghali, sili ni bei ndogo.

Kazi ya jioni

Kwangua kwanza, fagia pili, maji mwisho. Tope bichi linatoka kwa kijiti. Ukiliacha mpaka asubuhi utahitaji maji mengi, na sehemu nyingi maji yenyewe ni ya kununua. Anza na mabonge makubwa, maliza na pembe za fremu, bolti na sehemu za pini, ambako udongo mdogo unasaga chuma kimyakimya.

Ukitumia mashine ya presha, usiielekeze kwenye beringi wala sili. Presha inasukuma maji na mchanga ndani. Ukimaliza kuosha, ingiza grisi mpya kila sehemu yake mpaka uone ile ya zamani, chafu, ikitoka. Hiyo inatoka na maji pamoja na vumbi. Futa iliyomwagika, kwa sababu grisi ya nje hukusanya mchanga.

Chagua mahali pa kuoshea. Pawe na kokoto au nyasi, mbali na kisima, mto na bustani, na maji machafu yasitiririke kuelekea shambani. Pakague mahali hapo baada ya mvua. Magugu mageni yataanzia hapo, na ni rahisi kuyang'oa yakiwa machache.

Mbolea na samadi huharakisha kutu. Siku uliyochanganya mbolea shambani, kuosha si hiari.

Kama shamba lilikuwa na ugonjwa wa udongo, ondoa tope lote kwanza, ndipo upake dawa. Dawa ya klorini kama Jik haifanyi kazi vizuri juu ya udongo, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu. Muulize bwana shamba kipimo, kisha suuza na upake mafuta, maana dawa hiyo hula chuma. Kwenye migomba zingatia zaidi. Mnyauko bakteria wa migomba ulithibitishwa Mukono, Uganda, mwaka 2001, baadaye ukafika Kagera, na panga na majembe ni miongoni mwa vinavyoueneza. Jembe lililogusa mgomba mgonjwa lipitishe kwenye moto mpaka chuma kisishikike kabla hujaligusisha mgomba mwingine.

Panga pia ratiba yako. Lima shamba safi kwanza, lenye kiduha au sangari liwe la mwisho. Hakuna njia rahisi kuliko hiyo, na haikugharimu chochote.

Msimu ukiisha, safisha mara moja kwa uangalifu, kausha juani, kisha paka nyuso zinazolima grisi au oili safi. Oili chafu ya injini sipendekezi: inadondokea ardhini unapolima chakula chako. Weka plau chini ya paa, juu ya mbao au mawe, isiguse udongo. Jembe la mkono nalo likwangue, lipake mafuta ya kula kidogo, mpini pamoja, ulitundike.

Kama trekta ni ya kukodi

Wengi wetu hatuna trekta. Tunaikodi, na imetoka kwa mtu mwingine saa moja iliyopita. Hapa ndipo mashamba mengi yanapoambukizwa, na hapa ndipo una nguvu kuliko unavyodhani, maana fedha bado iko mkononi mwako.

Mpigie dereva siku moja kabla. Muulize ametoka kulima wapi na kuna magugu gani huko. Mwambie waziwazi kwamba trekta isiingie kwako na tope. Mkikodi majirani kadhaa kwa pamoja, kubalianeni sharti hilo mapema, na mwenye shamba lenye kiduha akubali kuwa wa mwisho. Si aibu, ni kusaidiana, na mwakani huenda ikawa zamu yako.

Trekta ikifika, ipokee njiani, nje ya mpaka wa shamba. Kuwa na kijiti chako, brashi na ndoo ya maji. Tazama sahani, ekseli, matairi na chini ya fremu. Dereva akisema amechelewa, msaidie kukwangua. Akikataa kabisa, usimlipe, tafuta mwingine. Kuchelewa kupanda siku mbili kunafidika. Kiduha kikishaingia, utapambana nacho miaka mingi.