Shauri la Darini: Matuta ya Fanya Juu

Darini mwa nyumba hukosi kukuta jembe lisilo na mpini na debe lenye kutu. Akili ya mkulima nayo ina dari yake. Humo yamewekwa mashauri ambayo baba au babu aliyajaribu, kisha akayaacha. Kabla hujatafuta shauri jipya la kupata fedha, panda darini uulize kila shauri: wewe uliwekwa huku kwa sababu gani? Lililoachwa kwa ubaya wake, libaki huko. Lakini likiwa liliachwa kwa sababu nyingine, na sababu hiyo imekwisha, literemshe.

Tuchukue matuta ya shambani. Katika miaka ya 1940 Serikali ya kikoloni iliona udongo wa Ukambani na Murang'a ukichukuliwa na maji, ikaamrisha watu wachimbe matuta. Kazi ilikuwa ya lazima, chini ya machifu, bila ujira. Mwaka 1947 wanawake wa Murang'a waliikataa. Tena tuta lenyewe lilikuwa jembamba, la fanya chini, yaani udongo hutupwa upande wa chini wa mtaro. Mvua kubwa ililibomoa, na mwaka uliofuata watu walirudi kulitengeneza lile lile. Basi Uhuru ulipokuja mwaka 1963, mahali pengi matuta yaliachwa. Nani angependa kuendelea na kazi iliyonuka amri?

Lakini tazama vizuri kilichochukiwa. Watu walichukia kulazimishwa, wakachoshwa na tuta dhaifu. Kuyazuia maji yasikimbie na udongo, hilo halikuwa kosa hata kidogo. Wakulima wa Machakos walilitambua mapema. Katika miaka ya 1950 wengine walikuwa wakichimba kwa hiari yao, nao walitupa udongo juu. Miaka ya 1970 na baadaye vikundi vya mwethya, vyenye wanawake wengi, viliirudia kazi hiyo kwa nguvu. Mwaka 1932 Machakos ilikuwa na watu karibu 240,000. Mwaka 1989 walikuwa karibu 1,400,000. Mtu angetazamia nchi iwe jangwa. Wataalamu waliochunguza jambo hilo, na kuchapisha kitabu mwaka 1994, walikuta mmomonyoko wa udongo umepungua.

Sasa tufanye hesabu, kwa maana tuta lina gharama. Mtaro una upana wa sentimeta 60, yaani futi mbili, na kina kama hicho. Shamba likiwa na upana wa meta 100, udongo wa kutupa ni meta 36 za ujazo. Mtu mwenye nguvu akitoa meta 3 kwa siku katika ardhi laini, atamaliza kwa siku 12. Watu 12 watamaliza kwa siku moja, na hapo utaelewa kwa nini mwethya ulifaulu mahali ambapo mtu peke yake hukata tamaa. Kwenye changarawe ongeza siku.

Gharama ya pili ni ardhi. Mtaro, kingo na tuta vyaweza kuchukua karibu meta 2, na kwenye mteremko wa kadiri matuta huachana meta 10 hadi 20. Kwa mwenye eka chache katika skimu ya makao hiyo si hasara ndogo, hasa akiwa na karo ya kulipa. Kwa hiyo tuta lazima lilipe kodi ya mahali lilipokaa. Babu hakuwa na soko la majani. Wewe jirani yako ana ng'ombe wa gredi aliyefungiwa zizini, naye hununua nepia kwa mzigo. Panda nepia juu ya tuta. Ndani ya mtaro, mahali maji yanapotuama, weka migomba au mipapai.

Usifikiri kila kitu cha darini kinafaa. Pareto, kwa mfano, hustawi kwenye baridi ya Nyandarua leo kama zamani, lakini wengi waliing'oa kwa sababu malipo yalikawia. Hapo swali si la udongo. Muulize mnunuzi analipa baada ya siku ngapi, na apatie jibu katika maandishi.

Tukirudi kwenye matuta, usipime kwa macho, macho hudanganya sana kwenye mteremko. Funga kamba ya meta 10 kwenye fito mbili kwa urefu ulio sawa, tundika pimamaji katikati, na piga vigingi mahali povu linapotulia kati. Ukitupa udongo juu, acha kingo ya sentimeta 15 hadi 30 kati ya mtaro na tuta, usije ukarudi mtaroni. Mahali penye mvua nyingi mtaro uwe na mwinamo kidogo kuelekea njia ya maji yenye majani. Muombe afisa wa kilimo, yule ambaye wengi bado humwita Bwana Shamba, akuonyeshe njia hiyo kabla hujachimba. Anza na tuta la juu kabisa, kwa maana maji yote hutoka huko. Chimba kabla ya mvua, na vipando vya nepia viwe tayari siku tuta litakapolowa.